Chukua Kidogo, Dokta

Kule kwao Kirua Vunjo, yeyote aliyevaa koti jeupe aliitwa daktari, hata kama kazi yake ni kupiga deki korido. Kwa hiyo Wenseslaus aliitwa daktari kila alipopanda mlimani kusalimia, na alishachoka kukanusha. Kazi yake ilikuwa maabara, katika hospitali moja ya mjini Moshi. Nyama iliyotolewa kwa mgonjwa ililetwa kwake ndani ya chupa ya dawa. Yeye aliikausha, akaizamisha katika nta iliyoyeyushwa, na nta ilipoganda akaikata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, akavilaza juu ya kioo na kuvitia rangi. Kutoka hapo ilikuwa zamu ya Dokta Eliamini, mzee mkimya aliyeketi na darubini yake karibu na dirisha, kusema ugonjwa ni upi. Miaka kumi na miwili Wenseslaus aliifanya kazi hiyo, na watu walimsifu kwamba mkono wake hautetemeki. Kweli haukutetemeka. Kilichomponza ni mdomo.

Yalianza na Mwalimu Athanas kupoteza sauti. Mwalimu Athanas alikuwa katekista wa parokia na kiongozi wa kwaya tangu enzi za Kilatini. Misa ilipogeuzwa kuwa ya Kiswahili, wazee wengine walinung'unika kwamba sasa Mungu ataona wanamzoea. Yeye alijifungia mwezi mzima na zaburi zake, na alipotoka hakuna aliyeikumbuka tena ile ya Kilatini. Alikuwa na sauti nene, yenye kufika mbali. Akiita watoto wa mafundisho asubuhi, akina mama waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe ng'ambo ya bonde walijua saa imefika. Wenseslaus mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake. Baba yake Wenseslaus alipofariki na baba zake wadogo wakataka kumtoa shule akachunge, ni Mwalimu Athanas aliyefika pale nyumbani, akasimama mlangoni na kusema mtoto huyu atasoma. Kwa sauti ile nani angebisha? Wenseslaus alijua vizuri kwamba lile koti jeupe alivishwa na koo la mtu yule.

Basi mvua za vuli za mwaka sabini na sita zilipoanza, sauti ikaanza kukwaruza. Watu hawakukosa la kusema: wengine walisema ni mbege, pombe ya ndizi, ya sherehe za ubatizo, wengine wakasema ni vumbi la chaki, na wapo walionong'ona kwamba kwaya ya parokia jirani haikulala, ilikuwa ikimroga. Mkewe, Mama Digna, alimchemshia tangawizi na asali hadi mizinga ya nyuki ikakauka. Krismasi Mwalimu aliongoza kwaya kwa mikono tu, na waumini wakaimba hovyo, kila mtu na njia yake. Mwezi wa pili, Wenseslaus alimshika mkono akamleta hospitali mwenyewe, akampitisha mbele ya foleni, akamkabidhi kwa Dokta Filemon.

Dokta Filemon alikuwa bingwa wa koo, kijana, hajamaliza hata miaka miwili tangu arudi kutoka masomoni Ulaya. Alimlaza Mwalimu usingizi wa dawa, akamwingiza bomba lenye taa kooni, akakiona kitu. Juu ya uzi mmoja wa sauti palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa harage, mgumu, ngozi yake imekwaruzika. Ilibidi akate kipande kiende maabara. Wenseslaus alikuwa amesimama pale pale na chupa yake mkononi, amefunga kitambaa cha mdomo, na kwa kawaida kazi yake hapo ilikuwa kupokea na kuondoka.

"Dokta," alisema, "chukua kidogo."

Dokta Filemon alijibu bila kuinua kichwa kwamba kidogo huwa kinadanganya. Kwamba kwenye uvimbe wa namna hii ni lazima kushuka chini, uone mzizi.

"Ukishuka utamharibia sauti. Huyu anaishi kwa sauti, Dokta. Ni mwalimu wangu. Chukua kidogo."

Mwalimu Athanas mwenyewe alikuwa amelala, mdomo wazi, hana la kusema. Dokta Filemon alishika kikoleo chake, akasita. Yeye alikuwa mgeni pale, na Wenseslaus alikuwa mwenyeji. Tena yeye mwenyewe aliogopa, maana uzi wa sauti ukikatika haushoneki. Akachukua kidogo. Kilikuwa kipande cha juu juu tu, sawa na punje ya mchele, na Wenseslaus alikipokea kwenye chupa huku moyo wake umetulia kabisa. Alijiona amelipa fadhila. Wahenga walisema wema hauozi. Ni wazi hawakuwahi kufanya kazi maabara.

Siku ya tatu kioo kilikuwa tayari. Dokta Eliamini alikitazama asubuhi, akakiweka pembeni, akanywa chai, akakirudia. Ngozi ya uvimbe ilikuwa imenenepa, tena ilikuwa inatuma vidole vidole kushuka chini, na kila aliyesoma vitabu anajua kwamba ngozi inayochimba chini hivyo ni saratani. Lakini mzee yule alikuwa ameona saratani nyingi, na hii haikumkaa sawa. Seli zake zilikuwa na adabu mno. Alitaka kuona kilichokuwa chini ya vile vidole, na chini ya vile vidole hapakuwa na kitu, kipande kilikuwa kimeishia hapo.

Akamwita Wenseslaus, akamuuliza kama hiki ndicho chote.

"Ndicho chote, Dokta," Wenseslaus akajibu.

Kwa hesabu ya maneno hakusema uongo. Kilicholetwa maabara kilikuwa hicho tu. Lakini alilielewa swali, na jibu lake alikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi: kwamba kingeweza kuchukuliwa kingine, cha chini zaidi, na kwamba hakikuchukuliwa kwa sababu yake. Angesema hivyo, Mwalimu angerudishwa mezani kesho yake. Hakusema. Aliona aibu, mtu wa maabara kukiri kwamba aliingilia mkono wa daktari chumba cha upasuaji. Tena alijiambia kwamba Dokta Eliamini ni mzee wa kazi, akishindwa atasema. Aibu ndogo namna hiyo, ya nusu dakika, mtu huimeza na kuendelea na kazi, nayo Wenseslaus aliimeza.

Zamani kidogo, kioo chenye utata kilifungwa kwenye pamba na kupelekwa Nairobi kwa basi, na baada ya wiki mbili majibu yakaja na basi lile lile. Lakini mwezi huo huo wa pili Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, na hakuna basi lililovuka Holili. Kupeleka Dar es Salaam kungechukua miezi miwili na zaidi, na Mwalimu Athanas alikuwa ameanza kukoroma akiwa macho. Pumzi ilikuwa inapita kwa taabu kwenye koo. Dokta Eliamini aliamini kwamba mwenzake alikata hadi alipoweza kufika. Akaandika kwenye karatasi: saratani ya koromeo.

Dokta Filemon alimweleza Mwalimu ukweli kama alivyoandikiwa. Dawa ilikuwa moja, kuliondoa koromeo lote. Mwalimu aliuliza maswali mawili, kwa ile sauti ya kukwaruza. La kwanza, akikataa atakaa muda gani? Akaambiwa mwaka, pengine usifike. La pili, akikubali itakuwaje? Akaambiwa ataishi, inshallah hata miaka ishirini, lakini atapumulia tundu la shingoni na hatasema tena neno. Mama Digna aliyekuwa ameketi kando alifunga kanga yake upya mara tatu. Mwalimu akaomba jambo moja tu: wamwache hadi Jumapili ya Matawi ipite.

Jumapili hiyo Wenseslaus alipanda Kirua. Kanisa lilijaa hadi nje, maana habari ilikuwa imeenea. Mwalimu Athanas aliimba sehemu ya Kristo katika Mateso, kama alivyoiimba miaka yote. Haikuwa sauti. Ilikuwa mkwaruzo, na kila baada ya mstari alisimama kuvuta pumzi, na watu mia kadhaa walisubiri bila hata kukohoa. Kwenye yale maneno ya msalabani sauti ilikatika katikati, akameza mate, akaanza tena kutoka mwanzo wa mstari hadi akaumaliza. Wanaume wenye ndevu walilia wazi wazi siku ile. Wenseslaus naye alilia, na alilia kwa uchungu wa mtu asiye na kosa, maana alikuwa bado hajajua.

Jumatano alasiri Mwalimu alikuwa wodini. Alitaka watoto wake wote saba wasimame kwenye baraza, nje ya mlango, halafu akawaita mmoja mmoja kwa jina. Hakuwa na la kuwaambia. Alitaka kuyaita tu yale majina. Aliita Digna, na Digna akaitika abee baba, akaingia, akashikwa mkono, akatoka. Akaita Primus, akaita Salvina, hadi kitinda mimba. Halafu akamgeukia mkewe. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa amemwita Mama Digna, na siku hiyo akamwita Anyesi. Yule mama hakuweza kuitika. Mwisho alimwona Wenseslaus amesimama karibu na dirisha na koti lake jeupe.

"Wenseslaus," akasema. "Ahsante, mwanangu."

Baada ya hapo alifumba mdomo, na asubuhi wakampeleka.

Alhamisi Kuu koromeo lilifika maabara, zima, ndani ya mtungi wa kioo. Wenseslaus alikuwa amepokea matumbo, matiti, hata mguu mzima wa mtu, na hajawahi kuomba mwenzake amsaidie. Hilo alilitazama muda mrefu kabla ya kuvaa glavu. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo sana. Alikipasua katikati kama inavyotakiwa, na hapo hapo, kwa macho yake matupu, akaona kitu kisichomfurahisha. Uvimbe ulikuwa umejikusanya chini ya ngozi, wa rangi ya manjano iliyofifia, na ulikuwa na mpaka wake. Saratani haina mpaka, hujipenyeza popote inapopata njia. Wenseslaus hakuwa daktari, lakini alikuwa amekata saratani miaka kumi na miwili.

Vioo vilipokuwa tayari, Pasaka ilikuwa imepita. Dokta Eliamini alitazama kwa dakika chache tu, akainuka, akachukua kitabu kinene kutoka kabatini, akakipuliza vumbi, akatafuta ukurasa. Kisha akamwambia Wenseslaus aje atazame mwenyewe. Chini ya ile ngozi iliyotuma vidole, seli zilikuwa kubwa, za duara, zimejaa chembechembe laini kama unga uliochekechwa, kila moja na kiini chake kidogo katikati, hakuna iliyokuwa ikigombana na jirani yake. Mzee alisema kwa sauti ya chini kwamba uvimbe huu alikuwa ameusoma tu, hajawahi kuuona, na kwamba wapo madaktari wanaostaafu bila kuuona. Hauui. Ubaya wake ni kwamba unaichokoza ngozi iliyo juu yake hadi ngozi inenepe na kufanana na saratani. Anayechukua kipande cha juu anaona saratani. Anayeshuka chini anaona ukweli, na akishauona anaumenya ule uvimbe peke yake, mgonjwa anarudi nyumbani baada ya wiki moja na sauti yake.

"Punje moja zaidi kwenda chini," Dokta Eliamini alisema. "Punje moja tu." Kisha akavua miwani. "Nilikuuliza kama ndicho chote."

"Uliniuliza, Dokta."

Mzee alimtazama, na Wenseslaus hakuweza kumtazama. Hakuulizwa tena. Karatasi ya majibu iliandikwa kwa mashine, ikapigwa mhuri, ikapanda wodini.

Dokta Filemon hakuwa mtu mbaya. Alikwenda mwenyewe kitandani, akamweleza Mwalimu na Mama Digna kwamba haikuwa saratani. Ulikuwa ugonjwa wa nadra sana uliovaa sura ya saratani, na umewadanganya wote. Mama Digna aliinua mikono akamshukuru Mungu kwamba mumewe hana saratani, na ilimchukua muda kuelewa sehemu ya pili ya habari hiyo, na alipoelewa alikaa sakafuni. Mwalimu aliomba daftari na penseli. Aliandika maneno matatu: Mapenzi ya Mungu. Akafunga daftari, akageukia ukuta, akalala hivyo hadi siku ya pili.

Jioni hiyo Dokta Filemon alishuka maabara na kumkuta Wenseslaus akiosha vyombo visivyokuwa vichafu. Alimwambia kwamba hajamtaja mtu. Kikoleo alikishika yeye, na kama kuna dhambi ni yake. Mwalimu amemwachia Mungu, basi na liishie kwa Mungu. Wenseslaus aliitikia kwa kichwa. Lakini mambo ya namna hii hayaishi kwa sababu wawili wamekubaliana yaishe.

Mwalimu Athanas alirudi nyumbani na kitambaa cheupe shingoni, kimening'inia juu ya lile tundu. Jumapili alisimama mbele ya kwaya akapunga mikono, na padre akahubiri juu ya Ayubu. Kijiji kizima kilisema Mungu amemjaribu mtumishi wake na mtumishi hakulalamika. Wenseslaus alikuwa akiketi benchi la nyuma, na watu walipokwenda kukomunika alibaki amekaa. Kisha siku moja ya mwezi wa sita, Digna alifika maabara akiwa amebeba mkungu wa ndizi za mshare na chupa ya asali. Alisema mama amemtuma: ni shukrani ndogo kwa jinsi alivyomhangaikia baba. Wenseslaus alipokea. Ule mkungu ulikaa chini ya meza yake hadi ndizi zikaiva, zikaanza kuoza, na wenzake wakamwomba autoe, na hakuna aliyeelewa kwa nini mtu mzima alie kwa sababu ya ndizi.

Hakuweza tena kula wala kulala. Na kilichomtafuna zaidi si kosa lenyewe, bali yale maneno matatu ya kwenye daftari. Mwalimu alikuwa amemtwika Mungu mzigo ambao mwenye nao anatembea kwa miguu mjini Moshi.

Akapanda kwa baba yake mdogo, mzee Sirili, mmoja wa wale waliotaka kumtoa shule. Hakumweleza kosa ni nini, alisema tu kwamba amemkosea mtu mzima na hajui aanzie wapi. Mzee Sirili alicheka kidogo, akasema hayo ndiyo madhara ya kusoma hadi mtu anasahau kwao. Akaenda kwenye ukingo wa kihamba, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, mahali yalipopandwa masale ya mpaka, akakata jani moja refu, zuri, lisilo na doa, akalifunga fundo. Akamfundisha kama anayemfundisha mtoto: peleka sale hili, mpe kwa mikono miwili. Hata kama umemuua ndugu yake, akishalipokea kesi imekwisha. Hakuna Mchagga anayekataa sale, anayelikataa anajitafutia balaa yeye na uzao wake. Wenseslaus alilishika jani kama mtu aliyepewa dawa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, baridi ya mlimani imekaza na ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Alimkuta Mwalimu Athanas uani anamenya kahawa kwa mashine ya mkono. Alikuwa amepungua, kola ya koti imekuwa kubwa. Wenseslaus alitoa shikamoo, na Mwalimu aliinua kiganja kumjibu, akatabasamu, akamwonyesha kigoda. Mama Digna alitoka jikoni, akafurahi, akasema anakwenda kuleta mbege. Wenseslaus hakuketi. Alitoa sale ndani ya koti, akapiga goti kwenye maganda ya kahawa, akalinyoosha kwa mikono miwili.

Mwalimu alishangaa. Alilitazama jani, akamtazama aliyelileta, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mila kama alivyokuwa mtu wa kanisa, alifuta mikono yake kwenye suruali akalipokea. Alipokea kabla ya kuambiwa kosa. Na Wenseslaus, tukisema ukweli, alikuwa amepanga iwe hivyo.

Ndipo akasema yote. Alisema juu ya chupa na kikoleo, juu ya punje ya mchele, juu ya swali la Dokta Eliamini na jibu alilompa. Alisema kwamba ile saratani ilitengenezwa na huruma yake. Hakuacha hata neno. Mama Digna alikuwa amerudi na kibuyu, na alisikia kuanzia katikati, akabaki amesimama na kibuyu mkononi.

Mwalimu Athanas alikaa kimya, na kwake ukimya haukuwa tena kitu cha kuchagua. Kitambaa cha shingoni kilipanda na kushuka. Akachukua daftari lake kutoka mfukoni, akaandika, akalisogeza.

Nimeshalipokea, aliandika. Siwezi kulikataa tena.

Wenseslaus alianza kushukuru. Mwalimu alimzuia kwa kidole, akalivuta daftari, akaandika tena, safari hii kwa nguvu hadi penseli ikatoboa karatasi.

Hospitali hukuniuliza kama nataka kidogo au kingi. Leo hukuniuliza kama nataka kusamehe.

Wenseslaus alisoma mara mbili. Baridi ya asubuhi yote ilimwingia kwa mara moja. Aliona kwamba amefanya jambo lile lile kwa mara ya pili, kwa mtu yule yule, na mara zote mbili alijiita mwema. Kwanza alimchukulia sauti akiwa amelala. Sasa alikuwa amemchukulia hasira akiwa macho, kitu pekee kilichokuwa kimebaki mali yake.

"Nirudishie, Mwalimu," alisema. "Nimekosea kulileta."

Mama Digna alisema hapana. Alisema sale halirudishwi, haijawahi kutokea tangu mababu, wasije wakaita msiba juu ya nyumba ambayo msiba umeshaijua njia yake. Alisema na Mungu ameshasamehe, na yeye kama mama amesamehe, basi wanywe mbege wayamalize. Aliongea haraka haraka. Mwalimu hakumtazama mkewe. Alimtazama Wenseslaus kwa muda, na taratibu akanyoosha mkono, akalirudisha jani.

Wenseslaus alilibeba hadi nje ya kihamba, akalilaza kando ya njia, akarudi mikono mitupu. Alisimama mbele ya mwalimu wake. Alisema kwamba hana jani, hana mtu wa kumsemea, na haombi kitu. Amekuja tu ili Mwalimu afanye anavyotaka.

Mwalimu Athanas alisimama. Akafungua mdomo, akaanza kumfokea.

Midomo ilikwenda, meno yalionekana, mishipa ya shingo ilivimba, na hakuna kilichosikika isipokuwa upepo unaopiga kwenye kitambaa na kukirusha juu. Alimnyooshea kidole usoni. Alipiga kifua chake, akaonyesha upande wa kanisa, akaonyesha mlango wa nyumba yake, pale watoto wanapotokea wakiitwa. Akaligonga koo lake mwenyewe kwa kiganja, mara moja, mara mbili, mara tatu, na machozi yalimtoka bila kuyafuta. Alikohoa, kitambaa kikalowa, akaendelea. Kulikuwa na mstari mmoja aliourudia mara nyingi, midomo ile ile kwa mpangilio ule ule, na Wenseslaus alijitahidi kwa macho yake yote kuusoma, hakuuweza. Hakuinamisha kichwa. Alisimama akatazama kila neno hadi la mwisho, na Mama Digna alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

Pumzi ilipomwishia, Mwalimu aliketi juu ya gunia la kahawa. Kifua kilikuwa kinakwenda mbio. Alipapasa chini akalipata daftari, akaandika neno moja, akalinyanyua.

Umesikia?

"Nimesikia, Mwalimu," Wenseslaus alisema.

Mzee aliendelea kumwangalia kana kwamba anapima jibu. Kisha akaweka daftari mfukoni, akainuka, akamgeuzia mgongo, akashika mkono wa mashine na kuendelea kumenya kahawa yake.